Kabati la zana lenye magurudumu: Kwa nini fundi wa Bwiza aanze kutazama sakafu kabla ya droo?

Katika mitaa ya Bwiza na jirani yake Buyenzi, mjini Bujumbura, karakana nyingi hazina jengo. Ua wa nyumba ndio karakana. Asubuhi zana hutolewa nje, jioni hurudishwa ndani, na katika ua huohuo majirani hupika, hufua nguo, na watoto hucheza. Kwa fundi anayefanya kazi hivyo, kabati la chuma lenye droo na magurudumu si pambo. Zana ndizo mtaji wake, na spana namba 13 ikikosekana, pikipiki ya mteja hubaki imefunguliwa huku yeye akizunguka avenyu kwa avenyu kuomba kuazimwa.

Wafaransa huliita kabati hilo servante, neno lenye maana ya mtumishi wa kike. Jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko neno letu la kabati, kwa sababu chombo hiki hakikukusudiwa kusimama ukutani, bali kumfuata fundi mahali alipo. Ila mengi kati ya makabati yanayouzwa madukani yalisanifiwa kwa ajili ya karakana zenye sakafu laini ya zege, ambako kabati husukumwa mita tano na kurudi. Ua wenye changarawe, mfereji wa maji na kizingiti cha mlango ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo mnunuzi wengi huangushwa na idadi ya droo na rangi inayong'aa.

Magurudumu kwanza

Gurudumu dogo la sentimita tano au saba hukwama kwenye kokoto moja tu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 12.5 hupanda kokoto hiyohiyo bila fundi kuhisi kitu. Plastiki ngumu hubeba mzigo vizuri lakini hupiga kelele na kurukaruka kwenye sakafu mbovu. Mpira hutulia zaidi, ingawa huharibika ukikaa kwenye mafuta ya injini muda mrefu. Mpangilio uliozoeleka ni magurudumu mawili yasiyogeuka upande mmoja na mawili yanayozunguka upande wa mpini, haya ya pili yakiwa na breki. Kabati lisilo na breki lisinunuliwe kwa ajili ya ua wenye mteremko, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kisha kuna uwezo wa kubeba. Wengi hugawanya uzito wote kwa nne, kwa kuwa magurudumu ni manne. Lakini kwenye sakafu isiyo sawa, gurudumu moja huwa limeinuka hewani, na matatu yaliyobaki ndiyo hubeba kila kitu. Kwa hiyo gawanya kwa tatu. Kabati la kilo 45 lenye zana za kilo 75 lina jumla ya kilo 120. Kila gurudumu basi liwe na uwezo wa kilo 40 au zaidi, si kilo 30.

Kabla ya kulipa, pima mlango. Makabati mengi ya ukubwa wa kati yana upana wa sentimita 65 hadi 70 na kina cha sentimita 45 hivi, bila kuhesabu mpini. Kupita mlangoni kwa kawaida si shida; shida ni kizingiti, na kona ya ukumbi mwembamba ambamo kabati linapaswa kugeuka. Ubao mnene uliolazwa kwenye kizingiti kama daraja hugharimu kidogo sana, nao huokoa magurudumu na mgongo.

Bati, reli na hatari ya kupinduka

Unene wa bati hauonekani kwa macho, hasa likishapakwa rangi. Bonyeza ubavu wa kabati kwa kidole gumba: likiingia na kurudi kwa mlio, ni jembamba mno kwa zana nzito. Bati la milimita moja lina uzito wa karibu kilo nane kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo kabati kubwa ambalo mtu mmoja analinyanyua kwa urahisi linajieleza lenyewe.

Droo hutegemea reli. Reli zenye gololi huteleza hata droo ikiwa imejaa, ilhali zile za chuma kusuguana na chuma hukwaruza na kukwama punde vumbi linapoingia. Vuta droo hadi mwisho, iegemee kidogo kwa kiganja, kisha ifunge kwa kidole kimoja. Ikiyumba au ikining'inia ikiwa tupu dukani, hakuna sababu ya kutarajia itanyooka ikiwa na kilo 30 za spana.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kupinduka. Droo iliyovutwa hupeleka uzito mbele. Zikivutwa mbili au tatu kwa pamoja, uzito huo unaweza kupita mstari wa magurudumu ya mbele na kabati lote likaanguka. Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza kuondoa sokoni makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo, na hayo yalikuwa ya mbao, ya kuhifadhia nguo. Makabati bora ya zana yana mtambo unaozuia droo ya pili kufunguka kabla ya ya kwanza kufungwa. Katika ua wenye watoto, mtambo huo una thamani kuliko droo mbili za ziada. Usipokuwepo, weka vizito chini, yaani jeki, nyundo kubwa na mashine ya kukatia chuma, na juu uache bisibisi na spana ndogo.

Dukani au kwa fundi wa kuchomea?

Burundi haina bahari, na sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha barabara, au reli hadi Kigoma na meli katika Ziwa Tanganyika. Kabati tupu ni sanduku la hewa linalolipiwa nauli ya njia hiyo yote. Ongeza uhaba wa fedha za kigeni uliolikumba taifa hilo kwa miaka kadhaa, na bei ya kabati lililoagizwa nje inaeleweka, hata kama haipendezi.

Upande wa pili wako mafundi wa kuchomea vyuma, ambao hutengeneza mageti, madirisha na masanduku kila siku. Wana uwezo wa kujenga mwili wa kabati ulio imara kuliko mengi ya dukani. Udhaifu wao huwa kwenye droo: reli mbili zikipishana kwa milimita chache tu, droo hukwama. Dawa ni kununua reli na magurudumu kwanza na kumkabidhi fundi kabla hajakata bati, ili apime kwazo badala ya kukisia. Andikianeni unene wa bati. Agiza magurudumu yafungwe kwa bolti, yasichomelewe, kwa sababu ndiyo yatakayochakaa mapema. Na kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara jijini humo, usimwahidi mteja wako lolote kwa kutegemea tarehe uliyopewa. Kwa maoni ya mwandishi, njia hii ya mchanganyiko, yaani mwili wa hapa na reli za dukani, ndiyo inayomfaa fundi wengi wa Bwiza.

Kufuli liangaliwe kwa jicho kali. Kile kitasa kidogo kinachokuja na kabati huzuia mkono wa mtoto, si wa mwizi. Bisibisi nene hukifungua. Nondo bapa inayopita mbele ya droo zote na kufungwa kwa kufuli kubwa ni bora zaidi. Hata hivyo gurudumu halimtambui mwenye mali, na kabati zima linaweza kusukumwa nje usiku, kwa hiyo pete ya chuma iliyozamishwa kwenye zege la chumbani, pamoja na mnyororo, vihesabiwe kama sehemu ya gharama tangu mwanzo.

Wakati wa masika, unyevu huingia hata kwenye droo iliyofungwa. Sponji hunywa maji na kuleta kutu. Kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kilichopakwa mafuta kidogo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Juu ya mpira huo chora kwa rangi nyeupe umbo la kila spana. Iliyoazimwa na jirani ikisahaulika, nafasi yake tupu huonekana jioni ileile, kabla kufuli halijafungwa.