Ndizi za Taveta: Fahari inayotegemea maji ya Kilimanjaro

MGENI anayefika mjini Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, hulakiwa na mikungu ya ndizi iliyorundikwa ikisubiri malori ya kuelekea Voi, Mombasa na Nairobi. Kwa wenyeji, ndizi ndiyo nembo ya mji.

Sifa hiyo ni ya kale. Katika karne ya 19, misafara kutoka Mombasa iliyokwisha kuvuka nyika kame ya Taru ilipumzika katika msitu wa Taveta, kando ya Mto Lumi. Mmishenari Charles New alipita huko mwaka 1871, naye mpelelezi Joseph Thomson mwaka 1883. Humo wasafiri walipata kivuli, maji na chakula kutoka mashamba ya Wataveta, migomba ikiwemo.

Ajabu ni kwamba mvua za eneo hilo ni haba, ilhali mgomba ni mmea wenye kiu. Siri imo katika Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya mlima huo, upande wa Tanzania, hupenya katika miamba ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi na kububujika Taveta katika chemchemi kama Njoro Kubwa. Kutoka hapo, mifereji huyafikisha maji mashambani.

Lakini neema hiyo haikugawanywa sawa. Huko Chala, mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa lenye kina cha takriban mita 90. Hata hivyo, ziwa hilo limo ndani ya shimo la volkano lenye kuta ndefu za mwamba, na maji hayawezi kupanda yenyewe. Mkulima wa Chala anaweza kuyaona maji kutoka ukingoni huku mahindi yake yakinyauka kwa kukosa mvua.

Uchukuzi umeimarika tangu barabara ya Mwatate hadi Taveta ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, kwani ndizi ni bidhaa isiyostahimili kukawia wala kutikiswa njiani. Bado kuna ugonjwa wa Panama, unaosambazwa na udongo na machipukizi kutoka shamba lenye maradhi. Kinga mojawapo ni kupanda miche safi iliyozalishwa maabarani.

Tishio kubwa zaidi ni maji kupungua. Misitu ya Kilimanjaro ikifyekwa, maji yanayopenya ardhini hupungua. Kingo za Lumi zikilimwa, udongo humomonyoka hadi Ziwa Jipe, ambalo tayari limevamiwa na matete. Taveta haina mamlaka juu ya mlima ulio ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo, kuilinda migomba yake kunahitaji ushirikiano wa Kenya na Tanzania, sambamba na wakulima kuzitunza chemchemi na mifereji iliyo mikononi mwao.