London hadi Paris: dakika chache angani, nusu siku njiani

Kutoka London hadi Paris ni kilometa zipatazo 344 kwa mstari ulionyooka. Ratiba za mashirika ya ndege huonyesha muda wa saa 1 na dakika 15 au zaidi kidogo, na mara nyingi ndege yenyewe haimalizi hata saa nzima angani. Dakika zinazobaki huishia kwenye lami, kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Hesabu hiyo huwapotosha wengi. Uwanja wa Heathrow uko zaidi ya kilometa 20 kutoka katikati ya London, na ule wa Charles de Gaulle uko karibu kilometa 25 nje ya Paris. Ukiongeza ukaguzi, kungojea mizigo na usafiri wa kuingia mjini, safari inafikia saa 4 au 5.

Ndiyo maana wengi huchagua treni. Eurostar, iliyoanza Novemba 1994, hutumia saa 2 na dakika 20 hivi ikipita chini ya bahari, katika handaki la kilometa 50. Inaondoka St Pancras na kufika Gare du Nord, vituo vilivyo ndani ya miji yenyewe. Ajabu ni kwamba ndege ya abiria iliyofungua safari za kila siku kati ya miji hiyo, tarehe 25 Agosti 1919, ilitumia takriban saa 2 na nusu. Treni ya leo inaishinda.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi nazo huchanganya. London iko nyuma ya Paris kwa saa moja mwaka mzima, na tiketi hufuata saa ya kila mji. Ndege inayoondoka Paris saa nne kamili asubuhi inaweza kuandikwa kwamba inafika London saa nne na robo. Ikiondoka London saa nne, itafika Paris saa sita na robo.

Kwa mwenye pasipoti ya Kongo, kizuizi kikubwa si kilometa. Viza ya Schengen, inayomfikisha Paris, haimwingizi Uingereza. London inadai viza yake. Kwa wanaopanda treni, ukaguzi wote unafanyika Gare du Nord kabla ya kuondoka: maofisa wa Ufaransa kwanza, kisha wa Uingereza. Asiye na viza ya pili anarudishwa hapo hapo, hata kama tiketi imelipiwa.

Hata mwenye viza zote mbili aangalie ile ya Schengen inaruhusu kuingia mara ngapi. Ikiwa ni mara moja tu, akishatoka kwenda London haimrudishi tena Paris, hata kama siku zake hazijaisha.