Je, Wajua? Fundo moja linatosha kukata nywele ngazi

Mwenye nywele za singa anaweza kujikata ngazi nyumbani kwa mpira mmoja wa kufungia nywele na mkasi mkali. Huinama, huchana nywele zote kuelekea mbele, huzifunga fungu moja juu ya paji la uso, kisha hupunguza ncha.

Siri iko kwenye umbali. Unywele wa kisogoni husafiri mbali kulifikia fundo, wa mbele uko papo hapo. Zikikatwa usawa mmoja na kuachiliwa, za mbele huangukia shavuni na za nyuma huteremka mgongoni. Fundo likihamia utosini, za utosini ndizo huwa fupi kuliko zote.

Hatari ni kulaza mkasi. Nywele za kipilipili humeza mkato uliokwenda upande, lakini za singa huuanika wazi kama mstari. Ndiyo maana mafundi husimamisha mkasi na kudonoa ncha kidogo kidogo. Nywele mbichi nazo hunyumbuka, zikikauka hupanda. Heri kukata zikiwa kavu.

Mtindo wa ngazi ulivuma mno miaka ya 1990, Jennifer Aniston alipoigiza kama Rachel katika tamthilia ya Friends. Mkasi ulikuwa wa Chris McMillan, na hata Aniston alikiri kwamba kuutengeneza mtindo huo bila fundi huyo kulimshinda.

Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Sentimita 5 zilizokatwa kwa pupa hudai karibu miezi 5 kurudi.