Ujaini na Neno "Banyani"

Walimu wa Kiswahili tumezoea kufundisha kwamba Banyani ni Mhindu mfanyabiashara. Kutoka Mombasa hadi Olumbi, ambako Kireno cha Msumbiji kina "baneane", neno hili limewaficha Wajaini ndani ya Wahindu. Asili yake ni jina la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara, wala si jina la dini. Wajaini wana dini yao, yenye msingi wa ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote. Hekalu lao la Mombasa lilijengwa mwaka 1963. Huko London, SOAS ilianzisha kituo cha taaluma za Ujaini mwaka 2004. Sisi majirani zao tuanze darasani: tuwatofautishe, kisha tuunde istilahi za kuwasomea kwa Kiswahili.