Nyumba ya Udongo na Majani Kijijini Shottery

Msomaji wa pwani yetu aliyezoea kudhani kwamba Uingereza ni nchi ya mawe na matofali tangu azali, akijaaliwa kufika Shottery, kijiji kilicho umbali upatao maili moja kutoka mji wa Stratford-upon-Avon, ataona ajabu kukuta kwamba nyumba inayozuriwa hapo na watu wa mataifa mengi ilijengwa kwa vitu ambavyo babu yake mwenyewe alivijua kwa majina: miti, fito, udongo, samadi ya ng'ombe na majani makavu ya kuezekea. Waingereza huiita kibanda cha Anne Hathaway, na jina hilo, japo lina mahaba ndani yake, laipunja nyumba heshima yake. Kwani ina vyumba 12, na katika zama zake ilikuwa makao ya mkulima mwenye nafasi, kitovu cha shamba la Hewlands lenye eka zipatazo 90. Humo alikulia Anne, binti wa mfuga kondoo, ambaye mwaka 1582, akiwa na umri wa miaka 26, aliolewa na kijana wa miaka 18 aitwaye William Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alitufasiria tamthilia yake ya Juliasi Kaizari mwaka 1963. Sifa ya mkwe imeifunika nyumba, na wageni wengi huingia wakimtafuta yeye. Mimi naona nyumba yenyewe yatosha kuwa sababu ya safari.

Sehemu yake kongwe ilijengwa mwaka 1463, karibu miaka mia moja kabla ya Anne kuzaliwa, nayo ilikuwa na vyumba vitatu tu. Mafundi wa siku hizo hawakuanza kwa ukuta. Walianza kwa kwenda msituni kutafuta mwaloni uliopinda kwa tabia yake, wakauangusha, wakaupasua katikati kwa urefu wake wote hata wakapata vipande viwili mapacha, kila kimoja kikiwa na mpindo sawasawa na mwenzake. Kisha wakavisimamisha vikikabiliana, nyayo zake ubavuni mwa nyumba na vichwa vyake vikikutana juu kabisa, mahali panapolala mwamba wa paa. Kwa hila hiyo uzito wa paa hushuka kwa magogo hayo mpaka ardhini, na ukuta husalimika na mzigo. Mti wenyewe ulichongwa ungali mbichi, maana mwaloni ukikauka huwa mgumu kama chuma na kuyashinda mashoka. Ncha ya boriti moja ilichongwa ulimi, ubavu wa nyingine ukatobolewa tundu, ulimi ukazamishwa tunduni na kukazwa kwa kigingi cha mti. Mgeni apandaye orofani leo huliona gogo moja la jozi hizo likichomoza kutoka sakafuni karibu na kitanda, jeusi, nene, limepinda kama ubavu wa jahazi, likaenda zake kupotelea gizani chini ya majani ya paa.

Kati ya nguzo na nguzo ndipo Mswahili anapojiona kwao. Vijiti vya mwaloni vilisimamishwa wima, fito nyembamba zikasukwa baina yake mithili ya kikapu, kisha udongo uliofinyangwa pamoja na samadi na vipande vya majani makavu ukatupwa juu ya fito, huku na huku, ukabanwa kwa viganja mpaka ukashikana. Mwisho wa kazi chokaa ikapakwa. Kwetu hicho ni kiambaza, na kazi hiyo ni kukandika. Hata sababu ya kuyatia majani ndani ya udongo ni moja, nayo ni kuuzuia usipasuke unapokauka. Tofauti iko juu, kwenye paa: huko majani ya nafaka huezekwa kwa unene mkubwa na kwa mteremko mkali, ili mvua ya nchi ile, inyeshayo kidogo kidogo siku nyingi, iteleze kabla haijapata wasaa wa kupenya ndani.

Ila jambo lililoibadili nyumba hii kuliko mengine yote lilikuwa moshi. Ukumbi wa nyumba za karne ya 15 haukuwa na dari wala dohani: moto uliwashwa sakafuni, moshi ukapaa wenyewe na kutafuta njia ya kutokea kwenye majani, na katika majumba mengi ya namna hii masizi ya karne hizo hukutwa yangali yameganda juu ya mapao. Maadamu moshi ulitamalaki huko juu, binadamu hakuweza kulala huko. Dohani ilipojengwa katika karne ya 16, moshi ukapewa njia yake, na ile nafasi tupu chini ya paa ikawa mali: boriti zikalazwa, mbao zikapigwa juu yake, na jamaa waliokuwa wakilala pamoja karibu na moto wakapata vyumba vya juu vyenye milango. Nyumba moja ikawa na orofa bila kuongezwa hata shubiri moja ya ardhi.

Richard Hathaway, baba yake Anne, alifariki mwaka 1581, na wosia wake umehifadhiwa. Alimwachia binti yake, ambaye humo ameandikwa kwa jina la Agnes, pauni 6, shilingi 13 na peni 4, apewe siku ya harusi yake. Lakini kifungu kinachonigusa zaidi ni kile kinachoamuru kwamba vitanda viwili vya chumbani na mbao zilizopamba kuta za ukumbi visiondolewe mahali pake muda wote wa uhai au ujane wa mkewe Joan. Mbao za ukutani zilihesabiwa kuwa chombo cha thamani ambacho mrithi angeweza kukibandua na kwenda nacho. Basi mzee yule, akiwa karibu na kufa, aliwaza mkewe asije akaachwa baina ya kuta tupu.

Bartholomew, ndugu yake Anne, ndiye aliyeinunua nyumba mwaka 1610, baada ya wazee wake kuishi humo kama wapangaji, na yeye ndiye aliyeirefusha kwa kuiongezea vyumba upande wa juu wa mteremko. Mjukuu wa ukoo huo akaijenga upya dohani ya kati na kuacha juu yake jiwe lenye herufi I.H. na mwaka 1697. Hiyo I ni ya John, kwani desturi ya siku zile ilikuwa kuandika I mahali pa J. Katika karne ya 19 hali ya ukoo ilidhoofika, wakalazimika kuiuza, wakarudi kuwa wapangaji katika nyumba iliyokuwa milki yao, hata mwaka 1892 amana iitwayo Shakespeare Birthplace Trust ilipoinunua ili ihifadhiwe. Bibi mmoja wa damu yao, Mary Baker, aliachwa akae humo humo awapokee wageni na kuwaonyesha vyumba, akafanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 1899.

Mwaka 1969 moto uliiharibu vibaya nyumba hiyo. Ikatengenezwa. Mwaloni mnene una siri yake: moto huunguza uso wake ukawa mkaa, na mkaa huo ukawa ngao ya kuukinga moyo wa mti usifikiwe upesi. Magogo mapacha ya mwaka 1463 yangali yamesimama yakikabiliana, na vichwa vyake vingali vinakutana juu, chini ya majani.