PHP Inawabeba Mamilioni

Msomaji mmoja anayejenga tovuti ya biashara ametuuliza: je, lugha za skripti kama PHP, Python na Ruby zinafaa kwa mfumo utakaotumiwa na mamilioni ya watu, au ahamie Java mapema? Jibu langu ni kwamba zinafaa. Facebook ilianza mwaka 2004 kwa PHP, na ilipokua haikuutupa msimbo wake. Iliiongezea lugha yenyewe kasi.

Tuutazame mstari mmoja tu: $a + $b. Katika Java, aina ya data ya kila kigeu hujulikana kabla programu haijaanza kazi. Katika PHP, $a huenda ikawa namba kamili, namba ya desimali, au maandishi "5". Kwa hiyo mkalimani, yaani programu inayosoma msimbo na kuutekeleza, kila akifika hapo huuliza upya: hiki ni nini? Na hiki je? Ndipo ajumlishe. Mstari huo ukirudiwa mara milioni, maswali nayo hurudiwa mara milioni.

Mwaka 2010 Facebook ilitangaza HipHop, iliyogeuza PHP kuwa C++ kabla ya kuipeleka kwenye seva. Mrithi wake, HHVM, ndiye anayenifurahisha zaidi, kwa sababu hutafsiri msimbo wakati unatumika. Naiita mbinu hii tafsiri ya papo kwa papo. "Tafsiri ya haraka" haitoshi, kwani siri yake ni kusubiri hadi kazi ifike mezani.

Mama lishe mzoefu hufanya vivyo hivyo. Mwanzoni humuuliza kila mteja anakula nini. Akishajua kwamba fundi wa gereji kila mchana hula ugali na dagaa, humpakulia bila kuuliza. Ila kabla ya kupakua humtupia jicho: ndiye? Akiwa mgeni, huulizwa. Naye akizoeleka, huwa na sahani yake. HHVM ikiona $a na $b ni namba kamili, huandika maagizo ya prosesa ya kujumlisha namba kamili tu, na mbele yake huweka ukaguzi mfupi. Ukaguzi ukipita, maswali hayapo tena. Ukikwama, huandikwa tafsiri nyingine kwa aina hiyo mpya, na ile ya kwanza hubaki. Injini ya V8 ya Chrome huharakisha JavaScript kwa mbinu za ukoo huohuo.

Kweli, Twitter ilihamisha kazi zake nyingi kutoka Ruby, na Facebook yenyewe ilitoa lugha ya Hack mwaka 2014 ili waandishi wa programu waweze kutaja aina za data. Lakini Wikipedia ingali inaendeshwa kwa PHP.

Basi, ndugu msomaji, baki na lugha unayoimudu. Tovuti ikizorota, anza kwa kupima hifadhidata yako kabla ya kuilaumu lugha.