Picha mbovu kwenye AV, safi kwenye HDMI: soma kabla hujamrudishia mteja hela

Wadau mnaouza ving'amuzi na deki za DVD used mtandaoni, leo ni yenu. Huku kwetu Kiwangwa TV za chogo bado zipo kibao. Analojia ilizimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata, lakini kilichozimwa ni mitambo ya kurushia matangazo. Chogo halikufa, linapata picha kwa king'amuzi kupitia waya wa njano, na huo waya mpaka leo ni analojia.

Sasa ndani ya king'amuzi kuna nini? Prosesa inatoa picha kwa vipande vipande, kama ngazi, kwa kawaida mara milioni 27 kwa sekunde. Picha yenyewe ya TV za zamani inaishia kama megahezi 5 au 6. Zile ngazi zinazaa takataka za mawimbi ya juu zaidi, kwa hiyo inawekwa IC ya kuchuja. Mfano ni THS7314 ya Texas Instruments: miguu 8, ndogo kama punje ya mahindi, inapitisha mpaka karibu megahezi 8.5, za juu inakata. Ni kama chujio la nazi, tui linapita, machicha yanabaki. (Vile ving'amuzi vya bei chee kabisa vingi havina IC hii, wanabana matumizi kwa koili na kapasita. Usishangae fundi akifungua asiione.)

Kazi yake ya pili wengi hawaijui: inakuza picha mara 2. Kwenye king'amuzi kuna resista ya ohm 75, ndani ya TV ipo nyingine ya 75, zinagawana nusu kwa nusu. Isingekuzwa, TV ingepata nusu tu. Ndio maana mwenye banda umiza akiunga njano moja kwenye TV mbili, kila TV inabaki na kama theluthi mbili na picha inafifia. Akikulalamikia kwamba umemuuzia kibovu, muulize kwanza ameunga TV ngapi.

Mteja mwingine atakwambia "sauti ipo, picha hakuna." Hapo usikimbilie kusema IC imekufa. Kama king'amuzi kinatumia ule waya wenye pini moja ya kama ya earphone, mpangilio wake unatofautiana kiwanda kwa kiwanda. Mwambie achomeke nyekundu au nyeupe kwenye tundu la njano ajaribu. Mimi naona hili ndilo linarudisha mizigo mingi bure, na nauli ya boda unalipa wewe muuzaji.

Ikigoma, abadilishe waya. Ikigoma tena, jaribu HDMI, maana HDMI haipiti kwenye IC hii kabisa. HDMI safi na AV giza ukiwa na waya mzima, basi tatizo lipo upande wa analojia. Picha ikigandaganda kote kuwili, angalia antena au adapta, IC haihusiki.

Kubadilisha IC kunataka fundi mwenye mashine ya hewa ya moto. Kwa king'amuzi cha bei ndogo mimi sioni faida. Andika kwenye tangazo wazi kabisa, "AV haifanyi kazi, HDMI tu", shusha bei, mwenye flat atachukua. Ila usimpelekee mwenye chogo hata akikubembeleza, chogo halina HDMI.

Na kabla ya kutuma mzigo, jaribu AV mwenyewe, rekodi video fupi picha ikionekana na namba ya siri ya kifaa ikisomeka, umtumie mteja WhatsApp. Mwambie pia achomoe vyote ukutani kabla ya kuunga waya. Kama dukani huna chogo, tafuta moja la kujaribia. Huku mtaani watu wanayatoa kwa bei ya kutupa.